Anwani ya Sarafu

Pesa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888 hujitaja yenyewe. Isogeze dirishani, uigeuze polepole kwenye mwanga, na herufi zitaanza kujitokeza: jina la IBEA, yaani Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, jina la Mombasa, mwaka. Pana mizani pia, na mwaka wa Hijria, 1306. Pesa 64 za namna hii zilifanya rupia moja.

Je, maneno hayo yaliyochongwa kwenye sarafu yaitweje? Kiingereza huyaita kwa neno lile lile linalotumika kwa hekaya, na mfasiri mwenye pupa atatuletea “hekaya ya sarafu”. “Maandishi” nayo ni pana mno, maana hata alama ndogo ya kiwanda ni maandishi.

Neno tunalo: anwani. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Yesu anapoletewa dinari na kuuliza ni ya nani, sura iliyochorwa inaitwa sanamu na maneno yake yanaitwa anwani. Dinari yenyewe ni Mrumi aliyesafiri: denarius ya Kilatini, ikapita kwa Wagiriki na Waarabu hadi ikatufikia pwani.

Wakusanyaji wengi huamini kwamba dinari ile ilikuwa ya Kaisari Tiberio, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Anwani yake ni TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. TI ni Tiberio, F ni mwana, AVG ni Augusto, na V husimama mahali pa U. Yaani: Kaisari Tiberio Augusto, mwana wa Augusto aliyetangazwa mungu. Upande wa pili, penye mwanamke aliyeketi, ni PONTIF MAXIM, kuhani mkuu. Sura ikisuguika hata pua isionekane, herufi chache zilizobaki hutosha kumtambua mwenyewe.

Wapo watakaosema anwani ni sanduku la posta. Ni kweli, lakini kitabu nacho kina anwani, na barua huandikwa anwani ili ijulikane ni ya nani. Anwani ya sarafu haina kazi tofauti na hiyo.

Basi muuza vitu vya kale wa Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, anaweza kuandika hivi juu ya bahasha ya pesa yake: “Shaba. 1888, Hijria 1306. Anwani yasomeka yote, mizani imelika upande.”