Bembelezi na Chuo: Elimu ya Wanawake Tana ya Chini

Aghalabu historia ya elimu ya Tana ya Chini huanzishwa Ngao, karibu na Garsen, walikofika wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani mwaka 1887. Mwanzo huo unaisahau nyumba. Miongoni mwa Wapokomo, mama aliyembembeleza mtoto kwa wimbo alimfunza pia binti aliyeketi kando yake lugha, mahadhi na ulezi. Mwaka 1963 mahadhi ya bembelezi mojawapo ya Kipokomo yalifanywa msingi wa Wimbo wa Taifa wa Kenya. Maneno yalibadilishwa: anayeombewa akawa taifa, na mama hatajwi.

Nyumba hiyo ilikumbukwa kwingineko. Chuo Kikuu cha Wanawake cha Kiriri, cha binafsi, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2002 kwa ajili ya sayansi na teknolojia, kina jina ambalo kwa Kigikuyu ni malazi ya wasichana nyumbani mwa mama yao. Jina hilo lakiri kwamba nyumba nayo ilikuwa chuo. Basi mhakiki anayeanzia kwenye majengo ataurithi wimbo wa Tana, lakini atamnyima mama ualimu wake.