Kumbukumbu za Vita Beni na Butembo, na Kamera ya Msafiri

Mnara wa kumbukumbu ya vita, yaani jengo au sanamu inayosimamishwa ili vizazi vijavyo viwajue waliokufa vitani, kwa kawaida hujengwa baada ya silaha kunyamaza. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam, ambako sanamu ya Askari ilisimamishwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann: ni askari wa shaba asiye na jina, bunduki yake yenye singe ikielekea bandarini, naye anawawakilisha maelfu waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Msafiri humpiga picha akaenda zake bila kutonesha kidonda cha mtu. Beni na Butembo, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hali si hiyo, kwa kuwa vita havijaisha na kumbukumbu imelazimika kutangulia amani.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imehifadhiwa katika majina ya mahali badala ya mawe. Katikati ya mji wa Beni, mzunguko wa barabara uitwao Rond-point Nyamwisi unabeba jina la Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa aliyeuawa Butembo mwaka 1993. Ngadi, nje kidogo ya mji, hapatajwi bila Kanali Mamadou Ndala, aliyepigana na waasi wa M23 mwaka 2013, kisha akaviziwa na kuuawa hapo tarehe 2 Januari 2014. Tangu Oktoba mwaka huo, mauaji ya raia, ambayo kwa sehemu kubwa yanahusishwa na ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, yameongeza majina mengine, likiwemo Rwangoma, mtaa wa Beni ulioshambuliwa tarehe 13 Agosti 2016, ambao kwa wenyeji ni msiba kabla ya kuwa mtaa.

Kumbukumbu hiyo inavuka mipaka ya Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, katika wilaya ya Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi, na wanajeshi 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Novemba 2018, katika mapigano mengine karibu na Beni, Chancy Chitete, mwanajeshi wa Malawi, aliuawa alipokuwa akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa, na mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ukamtunuku nishani yake ya ushujaa wa pekee, inayoitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Hivyo Mtanzania au Mmalawi afikaye Beni hafiki ugenini kabisa, kwani historia ya nchi yake imeandikwa huko kwa damu.

Hata hivyo, kupiga picha mahali kama hapo kunadai adabu ya namna yake. Kambi, daraja, kizuizi cha barabarani na uwanja wa ndege, ambavyo mara nyingi ndivyo vilivyoshuhudia vita, haviruhusu kamera, na mwenye kuitoa huweza kudhaniwa mpelelezi. Kaburi lina sharti zito zaidi, kwa kuwa aliyezikwa ana mama, mjane au watoto ambao bado wanaishi karibu na wauaji wasiokamatwa, na picha inayoonyesha nyuso zao inaweza kuwahatarisha. Kwa hiyo inafaa kwanza kumwona mkuu wa mtaa na familia, kuwapa pole na kuomba ruhusa yao, na kukubali kukataliwa.

Picha iliyopatikana kwa njia hiyo ina kazi kubwa kuliko kupamba safari. Sheria ya Kongo ya tarehe 26 Desemba 2022 inatambua haki ya wahanga kulindwa na kufidiwa, na tarehe 2 Agosti imetengwa kuwakumbuka waliouawa nchini. Picha yenye mahali, tarehe na majina yaliyoandikwa sawasawa, ikiachwa mikononi mwa wafiwa wenyewe, ni ushahidi utakaowasaidia kudai haki hiyo siku mahakama itakapowasikiliza.