Chuo Kikuu cha Aga Khan si hospitali ya Kizingo

Hapa Kipevu ukitaja Aga Khan, mtu atakuelekeza Kizingo. Hospitali ile ilianza 1944, na Akademi ikafunguliwa 2003. Zote ni za mtandao mmoja, lakini chuo kikuu ni kitu chengine.

Kilipewa hati na serikali ya Pakistan mwaka 1983, mjini Karachi, kikiwa chuo kikuu cha kwanza cha binafsi nchini humo. Mwasisi wake ni Karim Aga Khan wa Nne, imamu wa Maismaili, aliyefariki Februari 2025. Babu yake, Sultan Mohamed Shah, ndiye aliyechangia pesa za MIOME pale Tudor, iliyopokea wanafunzi 1951 na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Diploma yangu nimeipata hapo, kwa hivyo mkono wa familia hii naujua.

Afrika Mashariki chuo kiliingia mwaka 2000 kwa kuwaendeleza wauguzi waliokuwa tayari kazini. Dar es Salaam kina taasisi ya walimu. Hapa Kenya makao ni Parklands, Nairobi, pamoja na hospitali yake ya kufundishia. Mwanafunzi si lazima awe Ismaili, wala Muislamu.

Kinaitwa chuo cha utafiti kwa kuwa mwalimu haajiriwi kusomesha tu. Anatarajiwa achunguze jambo jipya na alichapishe. Na utafiti huo hauko mbali. Panda matatu Changamwe uelekee Mazeras na Mariakani: huko Rabai na Kaloleni chuo kina mradi unaofuatilia maelfu ya nyumba. Wadadisi hupita mlango kwa mlango, wakaandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Daftari la zahanati haliwezi kazi hiyo, kwani huandika waliofika tu. Mama aliyejifungulia nyumbani, au mtoto aliyefariki njiani, hayumo.

Hapo nina neno. Sisi wapwani tumezoea kuwa wa kuulizwa maswali. Nataka kumuona kijana wa Kipevu akiyatunga. Karo, kusema kweli, haiendani na mshahara wa kibarua wa bandarini, ila chuo hutoa msaada kwa wasiojiweza. Mzazi auulizie mapema kabla ya kukata tamaa. Na kama wadadisi wamepita kwenu, mna haki ya kukataa kujibu, na mkijibu, ya kuuliza matokeo yako wapi.