Jasho la Mtungi: Historia ya Kutakasa Waragi Kando ya Bugolobi

Asafiriye kutoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Port Bell hupita Bugolobi, akashuka mpaka Luzira, na mwisho wa safari hukuta maji ya Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Bandari hiyo iliitwa kwa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa mtawala wa Uganda katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho leo hutoa chupa za Uganda Waragi. Kinywaji hicho kina historia ndefu kuliko kiwanda chake. Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa kufuata swali moja: ni nani aliyepewa haki ya kukitakasa kilichopikwa nyumbani, na mnywaji alifaidika nini?

Tuanze na neno lenyewe. Wapo wasemao kwamba waragi ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa na askari wa kikoloni, yenye maana ya jini ya vita. Hadithi hiyo inapendeza masikioni, walakini majirani wa neno hili wanashuhudia vingine. Waarabu wa Sudani husema araki. Waacholi husema arege. Na Ethiopia nako kuna jina la ukoo huohuo. Asili yao wote ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho. Waliolitunga waliona mvuke ukigeuka matone juu ya chombo baridi, mfano wa jasho usoni pa mtu afanyaye kazi. Yaelekea neno hili, pamoja na ufundi wake, lilienea nchini kwa msaada wa askari wa Kisudani, ambao Lugard aliwaleta Uganda mwaka 1891, na ambao wazawa wao hujulikana kama Wanubi. Waganda nao wana jina lao, enguli. Ndugu zake katika Afrika Mashariki na Kongo ni wengi: chang'aa Kenya, gongo Tanzania, kanyanga Rwanda, na lutuku Katanga.

Kazi ya kupika enguli si ngumu kueleza. Ndizi za mbidde huivishwa, zikakamuliwa, na maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa. Baada ya siku chache huwa pombe iitwayo tonto. Pombe hiyo, au nyingine ya muhogo au ya sukari guru, hutiwa katika pipa na kuinjikwa motoni. Mvuke hupita katika bomba lililozamishwa katika maji baridi, ukatoka upande wa pili kwa matone. Hiyo ndiyo sayansi iitwayo ukenekaji. Kila kimiminiko kina kiwango chake cha kuchemka. Methanoli, ambayo ni sumu, huchemka kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi; ethanoli, ambayo ndiyo kileo chenyewe, kwenye nyuzi 78; na maji kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo wapikaji hodari hawakuyanywa matone ya kwanza, wala ya mwisho, bali walichagua ya katikati. Hata hivyo, mivuke huchanganyika, na pipa la kijijini haliwezi kuitenganisha yote. Usafi unaopatikana ni wa kadiri tu.

Dola ya kikoloni haikushughulika na usafi huo. Ilishughulika na katazo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakataza pia kuvitengeneza humo. Mzungu aliendelea kunywa wiski yake kilabuni, lakini Mwafrika alikatazwa ya dukani na ya nyumbani. Hadi katika miaka ya 1950 ndipo katazo la ile ya dukani lilipoanza kulegezwa. Katika miaka yote hiyo enguli ilipikwa mafichoni, usiku na kwa haraka. Nayo haraka ni adui wa usafi: mtu anayesikiliza viatu vya askari hana nafasi ya kuchagua matone.

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ililirithi tatizo hilo, ikalitafutia njia nyingine. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 haikupiga marufuku upikaji moja kwa moja. Ilimtaka mpikaji awe na leseni, kisha auze enguli yake kwa kampuni iliyoitwa Uganda Distilleries. Huko ilikenekwa upya, ikasafishwa, ikapimwa nguvu zake na kutiwa katika chupa kwa jina la Uganda Waragi. Wazo hili lilikuwa na hekima ndani yake. Kilichokuwa aibu ya mafichoni kikawa bidhaa ya taifa, na mnywaji akapata kitu kilichopimwa.

Lakini tuitazame sheria hiyo kwa upande wa mpikaji, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke aliyeitegemea enguli kwa karo za watoto wake. Alitakiwa alipie leseni, asafirishe mzigo, kisha amuuzie mnunuzi mmoja kwa bei ya mnunuzi huyo. Mlangoni pake alikuwa na wateja waliolipa papo hapo. Si ajabu basi kwamba wengi hawakuzifuata leseni. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, viwanda vilipodhoofika na bidhaa za dukani kuadimika, enguli ya nyumbani ilizidi kustawi. Hivyo zikawapo waragi mbili: moja ya chupa, iliyotakaswa kwa sheria, na moja ya jerikeni, iliyotegemea uaminifu wa aliyeipika.

Uaminifu huo ulipovunjika, watu walikufa. Mwezi Aprili mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, zaidi ya watu 80 walipoteza maisha kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Ifahamike kwamba maafa makubwa ya namna hii kwa kawaida hayatokani na ndizi wala muhogo. Kiasi cha methanoli kinachozaliwa katika uchachukaji ni kidogo. Hatari kubwa ni methanoli ya viwandani, ambayo mchuuzi huiongeza ili mzigo uwe mwingi na mkali. Mwilini sumu hiyo hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Mililita 10 zaweza kupofusha, na 30 zaweza kuua. Kenya ililipata somo hilo mapema, mwezi Novemba mwaka 2000, pombe yenye methanoli ilipoua watu zaidi ya 100 Nairobi. Na huko chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria maalumu tangu mwaka 1980! Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2010, ikawekwa nyingine iliyoruhusu chang'aa kwa leseni na vipimo. Uganda kwa upande wake iliondoa sokoni vileo vya vifuko vidogo mwaka 2019.

Tunajifunza nini? Kwanza, katazo pekee halijapata kutakasa kitu. Limeyahamisha mapipa kutoka uani hadi kinamasini. Pili, sheria impayo mwenye kiwanda haki ya kusafisha, bila kumpa mpikaji sababu ya kufuata njia hiyo, huwalinda wale tu wenye fedha za kununua chupa.

Somo la tatu linatuhusu sisi walimu wa lugha. Katika vilabu vingi mnywaji huisifu waragi kwa neno kali, akidhani kwamba amekwisha kusema safi. Huimwaga kidogo, akawasha kiberiti. Ikiwaka kwa mwali wa buluu, husema ni halisi. Walakini methanoli nayo huwaka kwa mwali wa buluu. Kiberiti hutoa habari za ukali, hakitoi habari za usafi. Vivyo hivyo, kung'aa kama maji ya chemchemi si dalili ya usalama, kwa sababu sumu hii haina rangi.

Basi tunapofundisha vivumishi darasani, tusiishie katika upatanisho wa sarufi. Tumwulize mwanafunzi: kali ni nini, safi ni nini, na ni nani aliyepima? Wapo vijana ambao watakabidhiwa kikombe kabla hawajakabidhiwa cheti. Akiwa amelijua tofauti ya maneno hayo mawili, huenda akakiweka kikombe chini.