Usonji: kumsindikiza kijana kutoka shuleni hadi chuo na kazi

Usonji, au otizimu, ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Si pepo wala laana, na hauondoki mtu anapofikia utu uzima. Unagusa namna anavyoongea na wengine na anavyopokea kelele, mwanga au mabadiliko ya ghafla.

Hatari huja baada ya Exetat. Shuleni mwalimu alimjua. Chuoni ni lazima aombe msaada mwenyewe. Hivyo kijana mwenye diploma anaweza kubaki nyumbani, si kwa kukosa akili.

Wazazi, anzeni mapema. Kijana azoee njia ya chuo, kutunza pesa, na kusema: “Tafadhali niandikie.” Mwajiri ampe maagizo mafupi, saa zisizobadilika na mahali patulivu. Siku chache za kujaribu kazi zitamwonyesha vizuri kuliko maswali ya ofisini.

Kongo imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tangu 2015, nayo sheria yetu ya 2022 inalinda haki hizo. Makanisa yetu yana shule, mafundi na wafanyabiashara. Tuanze na kijana mmoja.