Ijue zafarani kabla hujainunua au kuipanda

Zafarani tunayotia kwenye biriani, na ambayo wengine huandikia kombe, hutoka kwenye ua moja tu: Crocus sativus. Hapa Machakos ninapoishi, jamaa wenye mashamba huniuliza kama itaota huku. Basi tulijue ua lenyewe kwanza.

Ni mmea mfupi, majani yake membamba kama nyasi, na chini ya ardhi una tunguu mfano wa kitunguu kidogo. Ua lake ni la zambarau. Katikati hutoka nyuzi tatu nyekundu, na hizo ndizo zafarani. Huchumwa kwa mkono, na gramu moja kavu hutaka takriban maua 150. Ndiyo maana ni ghali. Tena halizai mbegu. Lazima mtu agawe matunguu na kuyapanda upya.

Huchanua vuli, lakini si vuli yetu. Kule Iran, inakotoka sehemu kubwa ya zafarani ya dunia, tunguu hulala wakati wa joto na ukame. Hewa ikianza kupoa, Oktoba na Novemba, ua hutoka, na majani hukua wakati wa baridi. Ukambani miezi hiyo ndiyo ya mvua, na baridi yetu huja Julai. Tunguu likituamiwa na maji huoza.

Kwa hivyo anayekuuzia matunguu kwa ahadi ya utajiri, usiridhike na picha. Mwaka wa kwanza tunguu laweza kuchanua kwa akiba liliyokuja nayo. Muulize la mwaka wa pili na wa tatu liko wapi.

Dukani nako tahadhari. Tia nyuzi chache kwenye maji ya vuguvugu. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi hubaki mwekundu. Ikitoa rangi mara moja na uzi ukapauka, hiyo imetiwa rangi. Harufu yake ni tamu, lakini ukiitafuna ni chungu kidogo.

Mwisho, kuna ua la Ulaya linalofanana nalo, Colchicum autumnale, nalo huchanua vuli. Hilo ni sumu ya kuua. Lina nyuzi sita za chavua. La zafarani lina tatu. Ndugu yake, Gloriosa superba, lenye petali nyekundu na manjano kama ndimi za moto, huota vichakani humu Kenya, na kiazi chake kina sumu ile ile. Watoto waonywe wasikichimbe wakidhani ni kiazi kikuu.