Ua Moja kwa Mkate: Wanagenzi wa Kroshia katika Ayalandi ya Njaa

Mwanagenzi wa kroshia huanza na mambo machache. Hufunga kitanzi kinachoteleza, hukivika kwenye kulabu, huvuta uzi kupitia kitanzi hicho hadi apate kingine, na huendelea hivyo mpaka mnyororo ufikie urefu anaoutaka. Kisha hugeuka na kuirudia njia ileile, akichoma kulabu katika kila pingili ya mnyororo. Ufumaji wa sindano mbili huacha vitanzi vingi vikingoja kwenye sindano. Kroshia huwa na kimoja tu kilicho hai, na kikiponyoka hushikwa tena bila hasara kubwa. Wepesi huo umewatatiza wanahistoria. Kazi ambayo msingi wake huonyeshwa kwa mkono katika kikao kimoja haikuhitaji kitabu, na kwa hiyo haikuacha maandishi mengi ya mwanzo wake.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Maelekezo ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa kwa jina hilo yalitokea mwaka 1823 katika jarida la Kiholanzi liitwalo Penélopé, yakiambatana na picha ya rangi ya vifuko vya fedha, vitatu kati yake vikiwa vya kufumwa kwa uzi wa hariri. Kuhusu zama za kabla ya hapo, masimulizi ni mengi. Wako wanaoutafuta ufundi huu Arabuni, wengine Uchina, wengine Amerika Kusini. Wasomaji wa Ghuba huenda wakaipenda nadharia ya kwanza. Lakini Lis Paludan, mtafiti wa Denmark aliyeifuatilia asili ya kroshia barani Ulaya, hakupata ushahidi wa kutosha kwamba ilikuwapo kabla ya karne ya 19. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba ilizaliwa kutokana na nakshi ya karne ya 18 iliyofanywa kwa kulabu juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye duara la mbao. Kitambaa kikaondolewa, na vitanzi vikabaki vikishikana vyenyewe.

Vifuko vya hariri vilikuwa mambo ya mabibi. Kilichoitoa kroshia sebuleni mwao ni ugonjwa wa viazi. Kuanzia mwaka 1845 viazi vilioza mashambani kote Ayalandi, na hadi njaa ilipomalizika, yapata mwaka 1852, watu kiasi cha milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine wasiopungua idadi hiyo wamehama nchi. Katika miaka hiyo watawa wa Ursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walifundisha kroshia ili wanawake na wasichana wapate kitu cha kuuza. Huko kaskazini, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kianglikana, aliuanzisha ufundi huo mwaka 1847 kwa makusudi yaleyale.

Kwa nini kroshia, na si ufundi mwingine? Lesi iliyotamaniwa na matajiri wa Ulaya ilikuwa ile ya Venisi, iliyoshonwa kwa sindano, pindo moja likila miezi ya kazi. Waayalandi waligundua kwamba kulabu inaweza kuiga sura ya lesi hiyo kwa muda mfupi zaidi. Tena vifaa havikuwa na gharama kubwa. Mabibi walikuwa na kulabu za pembe za ndovu na za fedha. Maskini alikunja ncha ya sindano na kuichomeka kwenye kizibo cha gome ili apate mpini.

Hapa ndipo neno “msingi” linapohitaji kuangaliwa upya. Bibi wa mjini aliyejifunza kwa starehe alipanda ngazi kwa utaratibu: mnyororo, mshono mfupi, mshono mrefu, kisha mapambo. Msichana wa Clones hakuwa na nafasi ya kupanda ngazi. Kazi iligawanywa: huyu alifuma waridi, yule jani, mwingine aliyaunganisha maua kwa wavu wenye vifundo vidogo. Mtu aliweza kuingia katika biashara akijua ua moja tu, mradi alijue kikamilifu na kulifuma upesi, kwa kuwa alilipwa kwa idadi ya vipande. Kwa maana ya vitabu, msichana huyo hakujua kroshia. Kwa maana ya soko alikuwa fundi, na mara nyingine ndiye aliyeilisha nyumba. Wanaoisimulia habari hii kama hisani ya wafadhili peke yao husahau kwamba mikono iliyobuni maua mapya ilikuwa ya wanagenzi hao.

Jina lililohifadhiwa na maandishi ni lingine. Eléonore Riego de la Branchardière, aliyekuwa na baba Mfaransa na mama Mwayalandi, alichapisha vitabu vingi vya ufumaji mjini London tangu miaka ya 1840, na hata akajitaja kuwa mbunifu wa lesi ya kroshia ya Kiayalandi. Mchango wake katika kuiandika kazi hii haupingiki. Dai la ubunifu ni jambo jingine.

Liko pia suala la uzi. Sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Uingereza wakati huo ilitoka kusini mwa Marekani, ikichumwa na watumwa. Pingili za mnyororo ule zilishikana kwa mbali kuliko alivyoweza kujua msichana aliyeushika.

Vitabu navyo vilizaa tatizo ambalo mkono haukuwa nalo. Mshono ule mfupi Waingereza huuita maradufu, na Wamarekani huuita mmoja. Kile Wamarekani wanachokiita maradufu ni mshono mrefu zaidi. Kwa hiyo Mswahili aliyeko London akifuata maelekezo ya Marekani kwa istilahi za Kiingereza, kitambaa chake hutoka kifupi na kigumu, na nduguye wa Minneapolis, akifuata ya Uingereza, hupata kirefu na chepesi. Vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi na meza za Afrika Mashariki vimeliepuka tatizo hilo kwa sehemu kubwa. Huko mara nyingi anayejifunza hukaa ubavuni mwa mama au shangazi, huhesabu vitanzi vya kitambaa kilichokwisha kufumwa, na majina ya mishono huja baadaye, kama yanakuja.